Tutembee Duniani: Nani Alitosha Malata ya Kanisa?

 

Mwezi huu tunakwenda mbali, na ni juu ya kalenda. Kijana mmoja wa parokia alikuja kwangu na kalenda ya zamani, ile ya kutundika ukutani, yenye picha za Uingereza. Mwezi wa sita ulikuwa na picha ya kanisa kubwa ajabu. Kuta za mawe zinapanda juu, madirisha marefu yenye kuchongoka, nguzo zimesimama mistari miwili kama watu wanaongoja komunyo. Lakini paa hakuna. Vioo hakuna. Mahali pa viti kuko majani yaliyokatwa vizuri, na nyuma kondoo wanakula.

Akaniuliza: “Papa, hii kanisa walipiga bombe?”

Nikamwambia hapana.

“Sasa ni kutetemeka kwa udongo?”

Hapana vilevile.

“Sasa nani alitosha malata?”

Hapo kijana aligusa jambo lenyewe, maana kanisa likipoteza paa, mvua inamaliza kazi iliyobaki. Katika mashamba na mabonde ya Uingereza kuko makanisa ya namna ile mengi, na watu wanatoka mbali kuyatazama. Karibu yote yalipoteza paa katika miaka michache tu, kati ya 1536 na 1540. Jibu la swali lile litawagusa ninyi watu wa migodi kuliko wengine, kwa sababu ni habari ya madini.

Tuanze na wenyewe waliojenga. Mwaka 1132, katika mji wa York, wamonaki kumi na watatu walitoka katika abasia yao ya Wabenedikto. Waliona maisha ya pale yamelegea: chakula kingi, maneno mengi, sala kidogo. Walitaka kushika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto bila kuipunguza. Askofu mkuu Thurstan akawapa bonde la mto Skell, karibu na mji wa Ripon, mahali pa miiba na mawe. Ilikuwa Desemba, na ninyi mliofika Ulaya mnajua Desemba ya kule. Walilala chini ya miti. Mahali pale paliitwa Fountains, yaani chemchemi. Ni neno lile lile la Kifaransa mnalolijua. Kiisha wakajiunga na shirika la Wasistersi, ambao ni watoto wa Kanuni hiyo hiyo ya Benedikto.

Kwetu Katanga Kanuni hiyo si ngeni. Wamonaki Wabenedikto wa abasia ya Sint-Andries, karibu na Brugge katika Ubelgiji, walifika hapa mwaka 1910 pamoja na Jean-Félix de Hemptinne. Wazee wengi wa parokia zetu walibatizwa na wamonaki wale, wenye nguo nyeusi. Basi tunapotembea Fountains tunatembelea babu wa mababu.

Wamonaki wale walikuwa wafanyakazi, kweli. Walifuga kondoo kwa maelfu, wakauza manyoya mpaka Italia. Walichimba risasi. Sisemi risasi ya bunduki, nasema ile madini laini na nzito, plomu, inayokaa ndani ya betri ya motokari. Katika abasia ya Rievaulx, kaskazini zaidi, walichimba chuma na kuiyeyusha. Rievaulx ilianza mwaka ule ule 1132, na chini ya abate Aelred, aliyeongoza toka 1147 mpaka kufa kwake 1167, wamonaki walikuwa kama 140, na mafurere pamoja na wafanyakazi kama 500. Aelred huyo alikuwa mgonjwa miaka mingi. Wamonaki walikuja kukaa karibu na kitanda chake na kuzungumza, naye hakuwafukuza. Aliandika kitabu juu ya urafiki wa kiroho, na kingali kinasomwa.

Lakini niseme pia lile lisilonipendeza. Mafurere, ndio waliobeba kazi ya mikono: mashamba, kondoo, migodi. Wengi hawakufundishwa kusoma. Walijifunza sala chache kwa moyo. Walikuwa na chumba chao cha kulia, chumba chao cha kulala, na ndani ya kanisa walikaa nyuma, ukuta ukiwatenga na wamonaki waliokaa mbele. Ukifika Fountains leo utaona jengo lao, refu karibu metro 90. Chini kuna nguzo zinazofunguka juu kama miti ya miembe. Ndilo lililohifadhika kuliko mengine, na popo wanakaa mle. Ni zuri sana. Lakini mtu aliyekulia katika kambi ya wafanyakazi, akitazama kwa mbali nyumba za wakubwa na bustani zao, anaingia mle na kuelewa bila kuelezwa.

Na mali ilileta shida zake. Wale waliokimbia ulegevu wa York, katika miaka mia na hamsini walikuwa wameuza manyoya ya miaka inayokuja kwa wafanyabiashara Waitalia, wakachukua franga mbele kondoo hawajakatwa. Ugonjwa ukapiga kondoo. Deni likabaki. Nadhani hapa kuko baba fulani anayetikisa kichwa.

Sasa tuje kwa malata. Paa la kanisa kubwa lilikuwa mbao ngumu, na juu yake mabamba ya risasi. Risasi haili kutu kama chuma. Inakunjika vizuri, maji hayapiti. Ubaya wake ni moja: ni mali, na ni rahisi kuyeyusha. Muulize baba anayefanya kazi penye tanuru. Shaba inataka moto wa digri 1,085. Risasi inayeyuka kwa digri 327 tu. Moto wa kuni unatosha.

Mwaka 1534 mfalme Henry wa Nane aliachana na Papa wa Roma juu ya habari ya ndoa yake, akajifanya mkuu wa Kanisa katika Uingereza. Vita vilikuwa vimekula franga zake. Mwaka 1536 alifunga monasteri ndogo, kisha kubwa, na kufika 1540 zaidi ya nyumba 800 za wamonaki, watawa na mafurere zilikuwa zimefungwa. Wengi wao walipewa pensio na kuambiwa waende. Waliokataa walipata taabu: abate Richard Whiting wa Glastonbury, mzee, alinyongwa juu ya kilima mwezi wa kumi na moja 1539. Nyumba na mashamba yakawa ya mfalme, naye akayauza kwa matajiri. Ila risasi na kengele alijiwekea mwenyewe. Watu wake walikuwa na amri ya kushusha risasi, kuiyeyusha, kuipima na kuipiga muhuri.

Nataka tusimame katika abasia moja, hata si ile iliyo nzuri kuliko zote. Inaitwa Roche, ni karibu na mji wa Maltby. Roche, ninyi mnaosoma Kifaransa mnajua, ni mwamba. Kweli bonde lake lina miamba myeupe. Wasistersi walikuja pale 1147, wakaiacha tarehe 23 Juni 1538. Leo kuta mbili ndefu za kanisa zinasimama, na zingine unaona msingi tu katika majani. Kijito kinapita.

Kuhusu siku ile ya 1538 tunajua mengi kwa sababu ya padri mmoja, Michael Sherbrook, aliyehudumia parokia ya Wickersley, jirani na pale. Alikuwa mtoto wakati abasia ilifungwa. Alipokuwa mtu mzima aliandika yale aliyosikia kwa baba yake na kwa mjomba wake, maana wote wawili walikuwako.

Anaeleza vile risasi ilishushwa. Ili kuiyeyusha walichukua viti vya mbao vya wamonaki, vile vya kusalia, wakavichoma. Na kuni zilikuwa mingi karibu, msitu ulizunguka abasia! Anaeleza vile watu wa vijiji, ambao jana yake walikuja kwa misa, leo waliingia kila mmoja kuchukua kitu. Huyu kufuli, huyu mlango. Wengine waling'oa ndoano za chuma katika ukuta. Wengine walichukua vitabu vya sala wakazibia mahali palipotoboka kwenye mikokoteni yao.

Mmonaki mmoja alikuwa rafiki wa mjomba wake. Kila mmonaki aliachiwa chumba chake kidogo, lakini ndani hamkuwa kitu ila kitanda na nguo. Yule mmonaki akamwomba rafiki yake anunue kitu. Yule akatazama, hakuona la kumfaa. Mmonaki akasema basi unipe peni mbili kwa mlango. Ulikuwa mlango wa bei kubwa mara nyingi kuliko hiyo. Akakataa. Alikuwa kijana bila bibi wala nyumba. Mlango ataufanyia nini?

Baba yake padri, yeye, alinunua pamoja na wenzake mbao za kanisa na mbao za mnara wa kengele. Kengele zilibaki zikining'inia zaidi ya mwaka, na mtoto Michael aliziona kwa macho yake.

Miaka kama thelathini ikapita. Siku moja mtoto, sasa padri, akamuuliza baba yake: je, wakati ule uliwafikiri wale wamonaki kuwa watu wabaya? Baba akajibu hapana, hakuwa na sababu ya kuwafikiri vibaya. Basi, akasema mtoto, ilikuwa namna gani ukawa mwepesi hivi kubomoa nyumba yao? Na baba akajibu: ningefanya nini? Niliona yote yanakwenda, nikafanya kama wengine.

Niliposomea yule kijana habari hii, alinyamaza kidogo. Kisha akasema: “Na weye papa, mwaka 1991 ulikuwa wapi?”

Wapenzi wasomaji, ninyi wadogo hamkuwako. Wakubwa wenu wanakumbuka ule mwaka, Septemba kule Kinshasa, Oktoba hapa Lubumbashi na Kolwezi, siku za kupora. Askari walianza, na sisi tukafuata. Nilikuwa kijana. Niliimba katika kwaya. Nilibeba mfuko mmoja wa sukari kutoka magazini ambayo sitaitaja, na mlango wa kabati, mlango tu, kabati lenyewe mtu mwingine alikuwa amelibeba. Mwenye magazini alitujua kwa majina. Kwa Noeli alitupa bonbon. Mama yangu aliona sukari akanyamaza. Siku mbili tulikunywa chai bila sukari. Siku ya tatu tulikunywa nayo. Ule mlango ulikaa nyuma ya nyumba mpaka mchwa wakaula.

Nilimjibu kijana hivyo hivyo ninavyowajibu ninyi. Hakusema kitu. Aligeuza ukurasa wa kalenda, akauliza Rievaulx iko wapi.

Basi, Rievaulx. Ilifungwa mwaka huo huo, 1538, na kule pia risasi ilishushwa na kuyeyushwa. Lakini jambo lilitokea: ukuta wa magharibi wa kanisa ulianguka na kufunika mabamba manne ya risasi, kila moja uzito wa nusu tani hivi. Katika haraka ile hakuna aliyerudi kuyachimbua. Yalilala chini ya mawe karibu miaka mia nne. Katika miaka ya 1920 watu waliosafisha magofu waliyakuta, na juu yake muhuri wa Henry wa Nane, ua la waridi na taji, ungali unasomeka.

Wakati ule, katika kanisa kubwa la York, walikuwa wanatengeneza dirisha linaloitwa Dada Watano. Ni madirisha matano marefu yaliyosimama pamoja, kila moja kimo cha metro 16 hivi, yenye vioo vya karne ya kumi na tatu, vipande zaidi ya laki moja. Mnajua vioo vya namna ile vinashikwa na nini? Na vijiti vya risasi, vinavyopita katikati ya vipande kama mishipa. Basi risasi ya Rievaulx ilipelekwa York, ikayeyushwa tena, ikashika vioo. Dirisha lilibarikiwa upya mwaka 1925 kwa ukumbusho wa wanawake waliokufa katika vita vya 1914 mpaka 1918. Ukisimama mbele yake, unatazama madini iliyoshushwa katika paa la kanisa moja na kurudi katika dirisha la kanisa lingine, baada ya kulala gizani muda wote ule.

Sasa utauliza: makanisa yote ya zamani yaliisha? Hapana hata. Makanisa ya vijiji yalibaki, na yako kwa maelfu. Kanisa la kijiji lilikuwa la watu wa pale. Wao ndio walioziba paa lake, wao ndio waliozikwa kando yake. Henry alibadilisha mambo mengi ndani yake, lakini paa aliliacha.

Lile ninalolipenda ni Escomb, kijiji kidogo katika jimbo la Durham, nchi ya wachimbaji wa makaa ya mawe. Kanisa lake lilijengwa kama mwaka 675, miaka zaidi ya mia nne mbele ya Fountains. Ni dogo, jembamba, madirisha kama matundu. Kwenye ukuta wa kusini kuko saa ya jua, ile ya kusoma saa kwa kivuli. Mawe yake yalitoka katika boma la Waroma lililoachwa, Binchester, si mbali na pale. Jiwe moja lina maandiko ya jeshi la Kiroma, na fundi alilipachika miguu juu. Unaona? Nao walichukua mawe ya nyumba iliyoachwa! Siwezi kuwaambia kwa nini jambo hilo halinichomi kama habari ya Roche. Pengine ni kwa sababu Waroma walikuwa wamekwenda zamani, na hakuna rafiki yao aliyekuwa mlangoni akiomba peni mbili.

Na Durham yenyewe, mji mkubwa wa jimbo, ina kanisa kuu lililoanzwa 1093. Lilikuwa la wamonaki Wabenedikto, likafungwa vilevile tarehe 31 Desemba 1539, lakini lilikuwa kanisa la askofu, basi paa likabaki. Mle ndani kuko ukumbusho wa wachimbaji waliokufa mgodini. Migodi yote ya makaa ya chini ya udongo ya jimbo lile imefungwa toka miaka ya 1990. Hata hivyo mwezi wa saba wachimbaji wa zamani, watoto wao na wajukuu, wanapita mjini na muziki, na bendera zao kubwa zinaingizwa ndani ya kanisa zibarikiwe. Jirani ya Roche vilevile, mgodi wa Maltby ulifungwa 2013. Mwaka 1923 ulikuwa umeua watu 27 kwa siku moja.

Maneno machache kwa wale wenye ndugu kule, maana najua wako Wakongomani wengi katika Sheffield, na toka Sheffield mpaka Roche si mbali, unafika asubuhi na kurudi mbele ya jioni. Vaeni viatu vya nguvu, majani yanalowa hata wakati wa joto. Fountains na Rievaulx wanalipisha kuingia, lakini makanisa ya vijiji mengi yanaachwa wazi mchana, hakuna tiketi, kuko sanduku tu la sadaka. Kule Escomb desturi ilikuwa kuchukua ufunguo kwa jirani. Msishangae mkiona juu ya kanisa moja paa la chuma badala ya risasi. Wezi wangali wanapanda usiku kushusha risasi za makanisa na kuziuza kama mitraye, na parokia zingine zimechoka kuzirudisha.

Na kama mnataka kuona wamonaki walio hai, nendeni Mount St Bernard, katika jimbo la Leicestershire. Wasistersi walirudi pale mwaka 1835. Walifuga ng'ombe miaka mingi, na mwaka 2018 walianza kupika bia. Fikeni saa ya sala, mkae nyuma, msikilize zaburi.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutakwenda Ethiopia, Lalibela, kwa makanisa ambayo hayakujengwa bali yalichimbwa ndani ya mwamba, toka juu kushuka chini. Wababa wachimbaji, wekeni maswali yenu tayari.